Zamu ya Kumlea Mzee Bomba

Kila asubuhi kibanda cha Kinyozi kilijaa watu, na wengi wao hawakuja kunyoa. Walikuja kupiga soga. Kinyozi mwenyewe alipenda hivyo. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na ulimi wake ulikuwa mwepesi zaidi.

"Mzee hajambo?" waliuliza.

"Hajambo kabisa!" alijibu. "Anakula, analala, anatugombeza. Kwetu mambo safi."

Alisema kweli, kwa jinsi alivyoona yeye. Asubuhi alitoka nyumbani baba yake akiwa bado amelala. Jioni alirudi akamkuta ameshaoga, ameshakula, amelala tena. Ni nani aliyefanya kazi yote ya katikati? Hilo hakuwa na mazoea ya kujiuliza.

Baba yake watu walimwita Mzee Bomba. Alikuwa fundi bomba tangu ujana wake, na mtaani pale hapakuwa na nyumba ambayo hakuwahi kuizibia tundu. Mwaka uliopita alipata kiharusi. Upande wake wa kulia ukalegea, mkono na mguu. Maneno nayo yalipotea kwa muda, kisha yakarudi yote, pamoja na yale makali. Akahamia kwa mwanawe, katika chumba kilicho karibu na jiko.

Aliyemlea ni mke wa Kinyozi, Mama Pacha. Mapacha wake walikuwa wameshakua na kwenda kufanya kazi mbali. Kabla ya ugonjwa wa mzee, Mama Pacha alioka mikate, na watu waliifuata ingali moto. Sasa tanuri lilikuwa baridi. Alimnyanyua mzee, alimwogesha, alimlisha, alifua mashuka. Kisha alianza upya. Alipoulizwa kama amechoka, alisema, "Aa, kawaida tu."

Dada Mkubwa wa Kinyozi aliishi mji mwingine. Huyo alimlea baba yake kwa simu. "Mnampa matunda? Mnamtoa nje apate jua? Msimwache peke yake!" Alitoa amri zote, kisha akakata.

Siku moja Kinyozi alikuwa akimnyoa dereva wa lori. Jirani akaja mbio, akihema.

"Baba Pacha! Nyumbani! Mkeo kaanguka na mzee!"

Kinyozi aliacha mashine ikinguruma mezani. Dereva naye akaruka kitini, kitambaa shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa na nusu bado, akamfuata mbio.

Walimkuta Mama Pacha sakafuni, ameegemea kitanda, meno ameyauma kwa maumivu. Mzee Bomba alikuwa amelala juu ya miguu yake.

"Anzeni na huyu," mzee alisema, akimwonyesha mkwewe. "Mimi kulala nimeshazoea."

Lakini haikuwezekana kumwinua Mama Pacha bila kumwondoa mzee kwanza. Kinyozi alishika mabega, dereva akashika miguu. Mpaka wamfikishe kitandani, jasho lilikuwa likiwatiririka. Kinyozi hakujua kwamba baba yake ni mzito hivyo.

"Huwa unambeba hivi kila siku?" alimwuliza mkewe.

"Niulize mara ngapi kwa siku," alijibu Mama Pacha, na machozi yakamtoka.

Walimwita nesi wa zahanati. Alikaa mtaa wa pili, mwanamke mwenye sauti ya taratibu na mikono isiyo na haraka. Alimpima Mama Pacha kwanza.

"Mgongo umeumia kwa kunyanyua vibaya," alisema, "tena si leo tu. Umekuwa ukiumia siku nyingi na wewe unanyamaza. Sasa hakuna kuinua kitu, hata ndoo, mpaka nikuruhusu mimi."

Kisha akamgeukia mzee. Alimlaza ubavu, akaangalia chini ya mgongo. Ngozi pale ilikuwa imebadilika rangi. Ilikuwa na joto, na sehemu ndogo imeanza kuchubuka.

"Hiki ni kidonda kinachoanza," alisema. "Kinatokana na kulala namna moja muda mrefu. Tumekiwahi. Tukichelewa kitachimba mpaka ndani." Aliangalia midomo ya mzee, iliyokauka. "Mzee wangu, unakunywa maji?"

"Kidogo."

"Mbona kidogo?"

Mzee Bomba aliangalia ukutani. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha.

"Mtu akinywa maji, lazima aende haja," alisema. "Na wa kunipeleka ni mkwe wangu. Mwanamke ninayemheshimu. Nikaona kiu ni afadhali."

Mama Pacha alifunika uso kwa kiganja. Dereva alijifanya anatazama dirishani.

Kesho yake Kinyozi alifunga kibanda. Alikwenda kwenye makao ya wazee, ambayo ni hayo tu katika mji wote. Moyoni alikuwa ameshaamua. Baba angepata kitanda, mkewe angepumzika, mambo yangekwisha.

Msimamizi wa makao alimpokea vizuri. Alimtembeza ndani. Palikuwa safi, lakini palijaa. Katika chumba kimoja mlezi mmoja alikuwa akimlisha bibi mmoja supu. Huku bibi wa pili anamwita amgeuze, na babu mmoja mlangoni anauliza sweta yake iko wapi. Mlezi aliwajibu wote kwa upole, lakini mikono yake ilikuwa miwili tu.

Mwisho wa ukumbi palikuwa na mlango uliofungwa. Kinyozi alichungulia kwenye kioo. Aliona vitanda vitupu, vimetandikwa.

"Si hivi hapa?" alisema kwa furaha. "Nafasi ipo!"

"Vitanda vipo," alisema msimamizi. "Watu wa kuvihudumia hakuna. Walezi wetu wengine wameacha kazi, wengine wamekwenda kunakolipa zaidi. Nikimpokea baba yako leo, atalala hapo na hatakuwa na wa kumgeuza. Nitakuwa nakudanganya. Ninaweza kumwandika angoje, lakini walio mbele yake ni wengi."

Kinyozi alirudi nyumbani kwa miguu, pole pole. Alimpigia Dada Mkubwa.

"Tafuta mtu wa kumlea hapo nyumbani," dada aliamuru.

"Nimeshauliza kila mahali, dada. Wanaoijua kazi ni wachache, na wote wameshachukuliwa."

"Basi jitahidini."

"Dada, ushauri tunao wa kutosha. Tunachokosa ni mikono."

Kwa mara ya kwanza, Dada Mkubwa hakuwa wa kwanza kukata simu. Alisema atafikiri.

Alasiri nesi alikuja kuangalia kidonda. Kinyozi alimweleza yote.

"Wala sishangai," alisema nesi. "Siku hizi watu wanaishi miaka mingi kuliko zamani. Hilo ni jambo jema. Lakini makao hayajaongezeka, na waliosomea kazi ya ulezi hawatoshi. Kazi yao ni nzito, malipo ni mepesi. Watoto nao wametawanyika kutafuta riziki. Kwa hiyo mzigo wote unamwangukia mtu mmoja ndani ya nyumba, na mara nyingi ni mwanamke. Kwa sababu anafanya kwa upendo, hakuna anayekumbuka kuwa ile ni kazi. Tunakumbuka siku anapoanguka."

Kinyozi aliinamisha kichwa. "Sasa nesi, tufanyeje?"

"Kuna la kufanya leo, na kuna la kupigia kelele. La kelele litangoja kidogo. La leo ni wewe."

"Mimi?"

"Wewe ni mwanawe. Una mikono."

"Mimi najua kunyoa tu."

"Basi anzia hapo."

Kinyozi alileta wembe, sabuni na taulo. Nesi alimwonyesha namna ya kumketisha mzee. Hakumvuta mkono. Aliinama kwa kukunja magoti, mgongo umenyooka, akamkumbatia baba yake karibu na kifua, wakainuka pamoja. Kazi ilikuwa nyepesi kiasi kwamba alitaka kurudia.

Alimnyoa ndevu. Hilo alilijua. Kisha akamfuta shingo. Baada ya shingo, mgongo. Baada ya mgongo, akavuta pumzi, akaendelea na sehemu nyingine zote, na nesi akatoka nje kuwaacha wawili.

"Unanisugua kama sufuria," alisema mzee.

"Samahani, baba."

"Wewe ulipokuwa mdogo nilikuogesha mimi, mama yako alipokuwa kazini. Ulipiga kelele mtaa mzima unasikia. Mimi angalau nimenyamaza."

"Hujanyamaza, baba. Tangu tuanze hujanyamaza."

Wote wawili walicheka. Mama Pacha, aliyekuwa amelala chumba cha pili, alisikia kicheko hicho kupitia ukutani. Hakujua kilichosemwa, lakini naye akatabasamu.

Ilipofika wakati wa kuvaa, shati lilikataa. Kinyozi alivuta huku, likakwama kule. Akamwita nesi.

"Mkono mgonjwa ndio unaotangulia kuvaa," nesi alimweleza. "Wakati wa kuvua, huo ndio wa mwisho. Ukikumbuka hilo, hamtagombana na shati tena."

Aliwafundisha mengine pia. Mzee ageuzwe kila baada ya saa mbili akiwa kitandani, na mto uwekwe ili kile kidonda kisigandamizwe. Visigino na mifupa ya nyonga ikaguliwe kila siku. Chakula ale akiwa amekaa wima, kidogo kidogo, asije akapaliwa. Mkono na mguu uliolegea visiachwe tu, vinyooshwe taratibu asubuhi na jioni.

"Na maji anywe," alisema nesi.

Mzee Bomba alimtazama mwanawe. "Chooni utanipeleka wewe?"

"Nitakupeleka mimi. Nikiwa kazini, jirani ataniita, nami nitakuja. Kibanda hakiko mbali."

Mzee alichukua gilasi kwa mkono wa kushoto. Akanywa yote. Akaomba nyingine.

Siku iliyofuata, kibanda kilijaa kama kawaida.

"Mzee hajambo?" waliuliza.

Jibu la zamani lilimfika Kinyozi mdomoni. Akalimeza.

"Hajambo kidogo," alisema. "Mke wangu ndiye mgonjwa. Ameumia mgongo kwa kumlea baba yangu, na mimi nilikuwa hapa napiga domo."

Mashine peke yake ndiyo iliyosikika. Kinyozi alidhani amewaharibia soga. Lakini dereva wa lori, ambaye sasa kichwa chake kilikuwa kimenyolewa chote, alikohoa.

"Mama yangu analelewa na dada yangu," alisema. "Mimi niko barabarani. Dada yangu huyo hajatoka nje ya ile nyumba siku nyingi, hata kwenda kusuka nywele. Nami nikipita nampelekea matunda, najiona nimefanya jambo kubwa."

Muuza viatu aliongea akitazama chini. "Mimi baba yangu amepoteza kumbukumbu. Nikienda kazini namfungia ndani. Nikirudi namkuta amekaa mlangoni. Sina mtu wa kumwachia. Msiniulize moyo wangu ukoje."

Hakuna aliyemuuliza. Mmoja alimwekea mkono begani.

Watu wale walikuwa wakinyolewa pale kwa miaka. Walijua mambo ya mpira, ya siasa, ya magari. Hawakujua kwamba wengi wao walikuwa na mzee nyumbani na dada, mke au binti anayedhoofika pembeni yake.

Kinyozi alimwomba nesi aje kibandani siku ya mapumziko. Wanaume walikaa hadi nje. Dereva alijitolea kuwa mgonjwa. Alilala sakafuni, amelegea kama gunia, wenzake wakajifunza kumgeuza kwa shuka na kumketisha bila kuumiza migongo. Muuza viatu alipojaribu, wote wawili waliangukia kiti cha kunyolea.

"Nimekufa!" alilia dereva. "Mpigieni simu mke wangu!"

Walicheka mpaka wapita njia wakasimama kutazama. Lakini walijifunza. Wiki iliyofuata wake zao na dada zao wakaja pia. Hawa ndio waliokuwa na maswali ya kweli, kwa sababu walishakesha nayo.

Dada ya dereva ndiye aliyetoa wazo. "Tatizo langu mimi si kumgeuza mama," alisema. "Tatizo langu ni kwamba sina mahali pa kumwacha, hata kwa asubuhi moja."

Karibu na kibanda palikuwa na ukumbi wa chama cha mafundi. Mchana kutwa ulikaa mtupu. Wakauomba, wakapewa. Familia zilipanga zamu, wawili wawili, wanawake kwa wanaume. Kila mzee angeletwa asubuhi na kurudishwa alasiri. Nesi angepita kuangalia.

Choo cha ukumbi kilikuwa kibovu, hakina pa kushika. Mzee Bomba aliletwa kwenye kiti cha magurudumu akaisimamia kazi ya kukitengeneza. Mkono wake mmoja ulitosha kuonyesha.

"Bomba hilo limekaa kama mimi, limeinama upande mmoja. Linyoosheni! Chuma cha kushikia kiwe hapa, usawa wa kiuno. Hapo ulipoweka atakishika nani, twiga?"

Mafundi vijana walimsikiliza, wakafungua, wakafunga tena. Chuma kilipokaa sawasawa, mzee alikishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Akasimama, nesi akiwa nyuma yake, kwa muda wa pumzi chache. Kisha akaketi.

"Kinafaa," alisema. Sauti ilimtetemeka kidogo, akasingizia vumbi.

Ukumbi ulianza kazi. Baba wa muuza viatu hakufungiwa tena ndani. Alikaa na wenzake na kuwasimulia hadithi ileile kila siku. Wenzake, ambao nao walisahau, waliifurahia kila siku. Dada ya dereva alikwenda kusuka nywele. Mgongo wa Mama Pacha ulipopona, aliwasha tanuri lake, na harufu ya mkate ikarudi mtaani.

Dada Mkubwa naye alikuja, na begi. "Nimefikiri," alisema. Tangu hapo alikuja kila mwisho wa mwezi na kukaa siku chache, zamu yake. Alijifunza kwamba matunda lazima mtu ayamenye, na kwamba kumtoa mzee nje apate jua ni kazi ya watu wawili.

Lakini nesi hakuridhika. "Mmefanya vizuri sana," aliwaambia. "Ila sisi wa kujitolea tunachoka, na wapo wazee wasio na mtoto wala ndugu. Hao nani atawapangia zamu? Sasa ndiyo wakati wa ile kelele."

Wakaenda kumwona diwani, kundi zima. Diwani aliwasikiliza, akatabasamu.

"Kwetu wazee wanalelewa nyumbani," alisema. "Nyumba ndiyo inayolea."

"Mheshimiwa," alisema Kinyozi, "nyumba hailei. Anayelea ni mtu, na mtu anachoka."

Mama Pacha alisimama. Hakuwa na mazoea ya kuzungumza mbele za watu. Alieleza kwa maneno machache jinsi alivyoanguka, na jinsi mzee alivyovumilia kiu kwa kuona haya. Diwani aliacha kutabasamu. Aliuliza maswali. Akakubali kwenda kuyaona makao ya wazee kwa macho yake, pamoja na ule mlango uliofungwa.

Haikuwa kazi ya siku moja. Walirudi mara nyingi, na mara nyingine waliambiwa waje tena. Mwishowe halmashauri ilikubali kuajiri walezi wapya, wafundishwe zahanati. Wawili wakapelekwa kwenye ukumbi na kuzitembelea nyumba za mtaa. Wengine wakapelekwa makao ya wazee, na kile chumba kikafunguliwa. Waliolazwa humo kwanza ni wazee wasio na mtu. Wanaongoja bado ni wengi, na kelele inaendelea.

Hivi karibuni Mama Pacha alisafiri kuwatembelea mapacha wake. Alikaa juma zima. Siku za mwanzo moyo wake haukutulia. Aliota sufuria zimeungua na mashuka hayajafuliwa. Baadaye alianza kulala mpaka jua linachomoza.

Aliporudi, alimkuta Mzee Bomba amekaa mlangoni, safi, ndevu zimenyolewa. Kola ya shati ilikuwa imekaa upande. Nyumba haikuwa imeungua.

"Karibu, mwanangu," alisema mzee. "Safari ilikuwaje?"

"Njema, baba. Nyie mliishije?"

"Tuliishi. Mumeo anapika kama anachanganya saruji. Lakini tuliishi."

Mama Pacha aliona beseni la nguo pembeni. Bila hata kuvua viatu, aliinama kulichukua. Kinyozi alitoka jikoni, mikono ina povu, akalivuta upande wake.

"Leo si zamu yako," alisema. "Kaa."

"Nikae nifanye nini?"

"Utusimulie habari za mapacha. Chai inakuja."

Alikaa karibu na mkwewe. Alianza kusimulia, kwanza haraka haraka, kama mtu anayejua ataitwa. Kisha akaegemea kiti, akanyoosha miguu. Alisimulia habari moja baada ya nyingine mpaka chai ikaisha kwenye birika, na hakuna aliyemwita.